Fimbo za uvuvi wa nzi bandia: Namba ipi inafaa maji gani, na jinsi ya kurusha mshipi

Anayeanza uvuvi wa nzi bandia huingia dukani na swali moja: fimbo nzuri ni ipi? Ukweli ni kwamba hakuna fimbo moja inayofaa maji yote.

Fimbo ya kuvulia trauti kwenye vijito vya Mlima Kenya inaweza kuvunjika mara moja ikikutana na kolekole mkubwa wa baharini. Na ile ya kolekole, ikipelekwa kijitoni, itamtisha kila samaki aliyepo.

Kukosea hapa ni hasara ya fedha. Samaki naye anaumia: akivutwa muda mrefu na fimbo dhaifu huchoka kupita kiasi, na anaweza kufa hata akirudishwa majini.

Tofauti na mshipi wa kawaida

Kwenye uvuvi wa kawaida wa mshipi, chubwi ndiyo yenye uzito. Ikirushwa, inavuta mshipi nyuma yake.

Kwenye uvuvi huu hakuna chubwi. Chambo ni ndoana iliyofungwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu au samaki mdogo. Ni nyepesi mno, hairushiki yenyewe.

Uzito uko kwenye mshipi wenyewe, ambao ni mnene na umepakwa plastiki. Mvuvi anarusha mshipi, nzi bandia anafuata tu. Kati ya mshipi na nzi hufungwa uzi mwembamba wa nailoni ambao samaki hauoni kirahisi.

Namba ya fimbo maana yake nini

Juu kidogo ya mpini kila fimbo huandikwa namba. Namba hiyo haielezi ubora, inaeleza uzito wa mshipi unaotakiwa kufungwa.

Kipimo huchukuliwa kwenye mita 9 za mwanzo za mshipi. Mshipi namba 5 una uzito wa gramu 9 hivi kwenye urefu huo, namba 8 kama gramu 14, na namba 12 karibu gramu 25.

Kwa hiyo fimbo namba 5 inataka mshipi namba 5. Mshipi ukiwa mwepesi sana, fimbo haipindi na mrusho unakosa nguvu. Ukiwa mzito sana, fimbo inalegea na mshipi unaanguka karibu na miguu.

Namba ipi, samaki yupi

*Namba 3 hadi 5:* Trauti wa mito ya milimani. Nchini Kenya samaki huyu si mwenyeji. Anayetajwa kumleta ni Ewart Grogan, aliyepandikiza trauti kutoka Loch Leven, Scotland, kwenye Mto Gura katika milima ya Aberdare mwaka 1905. Fimbo nyepesi humwangusha nzi taratibu juu ya maji, na trauti hashtuki.

*Namba 8 hadi 9:* Taigafishi, samaki wa mtoni mwenye meno kama misumari. Mito ya Mnyera na Ruhudji, katika bonde la Kilombero nchini Tanzania, inajulikana kwa taigafishi wakubwa. Hapa mwisho wa uzi lazima kuwe na kipande cha waya wa chuma, maana nailoni inakatwa mara moja. Namba hizi pia zinatosha kwa kolekole wadogo kwenye maji mafupi ya pwani.

*Namba 10 hadi 12:* Sangara wakubwa wa Mto Nile nchini Uganda, na kolekole wakubwa wa baharini.

*Namba 12 kwenda juu:* Sulisuli, anayewindwa kwa boti kwenye bahari ya Watamu na Malindi. Rili yake iwe na breki imara na uzi wa akiba wa kutosha, kwa sababu samaki huyu akikimbia anachukua mamia ya mita.

Urefu na ugumu

Fimbo ya kawaida ina urefu wa futi 9, yaani mita 2.7 hivi. Kwenye kijito chenye miti pande zote, ya futi 7 hadi 8 ni rahisi zaidi kutumia.

Kuhusu ugumu, fimbo ngumu hupinda karibu na ncha tu. Inarusha mbali na inashindana na upepo, lakini inadai mkono uliozoea. Ile laini hupinda hadi karibu na mpini. Inarusha karibu, kwa upole.

Anayeanza afadhali achukue ya ugumu wa kati. Inapinda vya kutosha kwa mkono kuhisi mshipi unafanya nini. Wengi hukimbilia fimbo ngumu ya bei ghali, halafu miezi inapita hawajui kosa liko wapi.

Kaboni, faibaglasi au mwanzi

Fimbo nyingi za sasa ni za kaboni: nyepesi na zenye nguvu. Za faibaglasi ni nzito kidogo na laini zaidi, lakini zinavumilia kugongwa. Za mwanzi uliopasuliwa na kugandishwa kwa gundi hutengenezwa kwa mkono. Ni nzuri, ila bei yake si ya mwanafunzi.

Zipo pia aina mbili za pekee. Tenkara ya Japani haina rili, mshipi unafungwa kwenye ncha ya fimbo. Inafaa sana vijito vidogo. Nyingine ni fimbo ndefu ya mikono miwili, futi 12 hadi 15, inayohusishwa na Mto Spey wa Scotland. Hiyo inarusha mbali hata kama nyuma ya mvuvi kuna ukuta wa miti.

Kurusha hatua kwa hatua

Mrusho wa msingi hufundishwa kwa mfano wa uso wa saa. Zinazohesabiwa ni namba zilizoandikwa kwenye saa, si saa za Kiswahili. Namba 12 iko juu ya kichwa, 11 iko mbele kidogo, na 1 nyuma kidogo.

1. Mvuvi anashika mpini huku kidole gumba kikiwa juu yake. Ncha ya fimbo iko chini, karibu na maji, na mshipi umenyooka.

2. Anainua fimbo polepole, kisha anaongeza kasi mpaka namba 1. Hapo anasimamisha ghafla.

3. Anasubiri. Mshipi unahitaji muda wa kukunjuka nyuma yake. Kugeuka kuutazama si vibaya.

4. Mshipi ukikaribia kunyooka, anasukuma fimbo mbele kwa kasi inayopanda na kuisimamisha ghafla kwenye namba 11.

5. Mshipi ukikunjuka mbele, anashusha ncha taratibu. Nzi anatua.

Siri iko kwenye kusimamisha. Fimbo iliyopinda ikisimamishwa ghafla inanyooka, na nguvu yote inahamia kwenye mshipi. Mwenye misuli anayezungusha mkono bila kusimamisha atazidiwa na mtoto aliyefundishwa vizuri.

Kukiwa na miti nyuma, hutumika mrusho wa kuviringisha. Mvuvi anavuta fimbo polepole hadi mshipi uning'inie nyuma ya bega kama nusu duara, huku sehemu yake ikiwa bado majini. Kisha anasukuma mbele na kusimamisha. Mshipi unaviringika juu ya maji bila kurushwa nyuma.

Makosa ya kawaida

- Mlio wa mjeledi nyuma: mvuvi hakusubiri. Mara nyingi nzi anakatika.
- Mshipi kugonga majani nyuma: fimbo imepitiliza namba 1, kwa kawaida kwa sababu kifundo cha mkono kimelegea.
- Vifundo kwenye uzi: nguvu imewekwa ghafla mwanzoni badala ya kuongezwa taratibu.

Mazoezi yafanyike kwenye majani, uwanjani. Badala ya ndoana, kifungwe kipande cha sufi. Dakika 15 kila siku zinafundisha kuliko siku nzima moja kwa mwezi.

Usalama si wa kupuuzia

Kaboni hupitisha umeme. Fimbo ya kaboni ikigusa nyaya za umeme, au hata ikizikaribia, inaweza kuua. Vivyo hivyo radi: mawingu yakianza kunguruma, fimbo iwekwe chini na mvuvi aondoke majini.

Miwani ivaliwe kila mara, kwa sababu ndoana inapita karibu na uso. Upepo ukivuma kutoka upande wa mkono unaorusha, mshipi upitishwe juu ya bega la pili.

Kwenye mito ya taigafishi na sangara kuna mamba na viboko. Huko mtu haingii majini, anavua akiwa kwenye boti na mtu anayeujua mto.

Kabla ya kulipa

Mvuvi aanze na samaki na maji anayokwenda, kisha achague namba, halafu urefu. Bei iwe ya mwisho. Aulizie leseni kwenye ofisi ya uvuvi ya eneo husika. Kijino cha ndoana kibanwe kwa koleo, ili samaki wa kurudishwa atoke bila kuchanika. Na fimbo iliyotoka baharini isuuzwe kwa maji baridi siku hiyohiyo, pamoja na rili, kabla chumvi haijaanza kula chuma.