Utamu na Meno Yetu

Leo nataka kuwaeleza habari za utamu na meno, kwa maana watu wengi hudhani kwamba meno yalianza kuoza siku ilipofika sukari ya dukani. Neno hili lina ukweli, lakini si ukweli wote.

Tuanze Bukundi, katika mkoa wa Simiyu. Huko ni nchi ya Wasukuma, wakulima wa pamba na wafugaji wa ng'ombe. Ukienda upande wa mashariki utafika Ziwa Eyasi, na kandokando ya bonde lile wakaa Wahadza, ambao baadhi yao wangali wakiishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Yuko ndege mdogo awaitaye kwa sauti yake, akawaongoza mpaka kwenye mti wenye nyuki.

Mwaka 2017 wataalamu walichapisha habari za meno ya Wahadza. Wanawake wa vijijini, walao vyakula vya shamba, walikuwa na meno mabovu kuliko wenzao wa porini. Lakini kwa wanaume mambo yalikuwa kinyume: wale wa porini ndio waliozidi kuwa na meno mabovu. Wataalamu walifikiri kwamba sababu ni asali nyingi waliyokula, pamoja na tumbaku. Basi meno yalioza pasipo duka wala pipi.

Sababu yake ilielezwa mwaka 1890 na Willoughby Miller, Mmarekani aliyefanya kazi Berlin. Kinywani mwa kila mtu mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo hula utamu tunaoula sisi, vikatoa uchachu mkali uitwao asidi, nao huyeyusha ganda gumu la jino kidogo kidogo mpaka litoboke. Vijidudu haviulizi kama utamu umetoka mzingani au kiwandani.

Ila asali ina majira yake, tena mrinaji huilipia kwa kuumwa na nyuki. Sukari haina majira. Ilijulikana Bara Hindi tangu kale. Katika karne ya 19 miwa ililimwa Pangani kwa jasho la watumwa. Miaka ya 1930 shamba kubwa lilifunguliwa Arusha Chini, karibu na Moshi, na miaka ya 1960 kiwanda kikajengwa Kilombero. Kitu kilichokuwa cha wenye fedha kikawa cha kila nyumba, asubuhi na jioni.

Wazee husema, mchovya asali hachovyi mara moja. Na hapo ndipo penye hatari. Baada ya mwaka 1945, katika hospitali ya Vipeholm huko Sweden, waganga waliwapa tofi wagonjwa wa akili wasioweza kukataa, na meno ya wengi wao yakaharibika. Tendo hilo limelaumiwa sana, na ni haki lilaumiwe. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954: sukari iliyoliwa pamoja na chakula ilidhuru kidogo, bali tofi za kunata, zilizoliwa mara kwa mara kati ya chakula na chakula, zilidhuru mno.

Je, vitu vitamu visivyo sukari? Mwaka 1879 Constantin Fahlberg aligundua sakarini huko Baltimore, Marekani. Miaka ya 1970, katika mji wa Turku, Finland, wataalamu walijaribu zailitoli, na walioitumia mahali pa sukari walipata matundu machache sana. Vijidudu haviwezi kugeuza vitu hivi kuwa asidi. Lakini soda isiyo na sukari yenyewe ni chachu, na uchachu wake hula jino. Basi maneno "bila sukari" si ngao kamili.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kutiwa chakulani, pamoja na asali, isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu tuipatayo kwa chakula. Nanyi wazazi, msimnyamazishe mtoto kwa pipi mchana kutwa. Akila kitu kitamu, na akile wakati wa chakula, kisha anywe maji; na apige mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floridi. Maana jino la utu uzima likisha kung'oka, halioti tena.