Idhini ya Tiba za Kigeni nchini Japani katika Miaka ya 1980

Kampuni za Marekani zilizotaka kuuza dawa na vifaa vya tiba nchini Japani katika miaka ya 1980 hazikukwamishwa hasa na ushuru wa forodha, bali na vikwazo visivyo vya kiushuru, yaani sheria, vipimo na taratibu za vibali ambazo hazitozi fedha mpakani lakini huichelewesha bidhaa au kuifungia soko kabisa. Idhini ilitolewa na Wizara ya Afya na Ustawi chini ya sheria ya dawa ya mwaka 1960, nayo kwa kawaida ilidai kwamba majaribio ya kitabibu, yaani yale yanayofanywa kwa binadamu, yarudiwe kwa Wajapani ndani ya Japani, hata kama bidhaa ilikwisha kuthibitishwa kwingineko.

Si haki kuuona msimamo huo kuwa hila tupu ya kulinda viwanda vya nyumbani. Kliokwinoli, dawa iliyotumiwa sana kwa maradhi ya tumbo, ilikuwa imeharibu mishipa ya fahamu ya Wajapani wapatao 11,000 kabla ya mauzo yake kusimamishwa mwaka 1970, na taifa lililofikwa na msiba huo lilikuwa na sababu ya kutoamini upesi. Lakini tahadhari nayo iliua. Mwaka 1983 Marekani iliidhinisha dawa ya hemofilia, ugonjwa wa kurithi unaozuia damu kuganda, iliyopashwa joto ili kuangamiza virusi. Japani iliiidhinisha Julai 1985, na muda wote huo wagonjwa waliendelea kudungwa ile isiyopashwa joto, iliyotengenezwa kwa sehemu kubwa kwa plazma, yaani majimaji ya damu, iliyonunuliwa Marekani kwenyewe. Yenye hatari ilipita, iliyo salama zaidi ikasubiri majaribio. Miongoni mwa wenye hemofilia zaidi ya 1,000 walioambukizwa VVU nchini humo, wamo walioponzwa na ucheleweshaji huo.

Mnamo Januari 1985 Rais Reagan na Waziri Mkuu Nakasone walikubaliana kuanzisha mazungumzo ya sekta moja moja, tiba ikiwemo, na mwaka mmoja baadaye Japani ikawa imeridhia kupokea matokeo ya majaribio ya nje, isipokuwa pale ambapo tofauti za kinga ya mwili au za kiasili zingeweza kubadili matokeo hayo. Wagonjwa wa hemofilia hawakuombwa radhi na serikali hadi Februari 1996, chini ya Waziri wa Afya Naoto Kan.