Matokeo ya NECTA Ngara na Biharamulo: kitu ambacho ukurasa wa shule hausemi

Matokeo yakitoka tu, magrupu ya WhatsApp kuanzia Kabanga hadi Nyakanazi yanajaa picha za skrini. Shule moja inapongezwa, nyingine inasemwa vibaya. Lakini ukurasa ule hausemi nani alifanya mtihani kwa nukta nundu wala nani alihitaji karatasi ya maandishi makubwa.

Kuyaona ni rahisi. Ingia necta.go.tz, chagua mtihani na mwaka. Ya darasa la saba unachagua Kagera, halmashauri, kisha shule. Angalia hapa: matokeo yanapangwa kwa mahali shule ilipo, siyo kwa kwenu. Mtoto wa Ngara asiyeona anayesoma Mugeza Mseto utampata Manispaa ya Bukoba. Usihangaike kumtafuta Ngara.

Juu ya orodha kuna wastani wa shule. Shule inayopokea watoto wasioona au viziwi na ile isiyonao hata mmoja zote zinapewa namba ya aina hiyohiyo, bila maelezo. NECTA wenyewe waliacha kutangaza shule na wanafunzi bora Januari 2023, walipotoa matokeo ya kidato cha nne ya 2022. Kaimu Katibu Mtendaji, Athumani Amasi, alisema haina tija kushindanisha waliosoma katika mazingira tofauti. Mtaani bado tunazipanga wenyewe, tena kwa kalkuleta.

Kwenye chumba cha mtihani tofauti zinatambuliwa. Asiyeona hupewa karatasi ya nukta nundu, mwenye uoni hafifu ya maandishi makubwa. Muda huongezwa: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine.

Ila hivi haviji vyenyewe siku ya mtihani. Shule inatakiwa kutaja hitaji la mtoto wakati wa usajili. Ikisahau, au mzazi akificha kwa aibu, mtoto anakutana na maandishi madogo kama wenzake, na E yake itasomeka kama E nyingine yoyote. Kwa hiyo mwulize mwalimu mkuu mapema: mwanangu amesajiliwa kwa hitaji gani? Omba akuonyeshe.

Suala la picha za skrini nalo si dogo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Ukirusha alama za mtoto kwenye grupu na kuandika chini yake "yule kiziwi wa shule fulani", umeanika vitu viwili kwa mpigo, na kijijini hakuna asiyejua ni nani.

Na kama mtoto haoni, msomee matokeo mkiwa wawili, kabla hajayasikia kwa jirani.