Maradhi ya Kudumu, Ruhusa ya Kudumu

Tuanze na sugu. Sugu ni ile ngozi iliyokomaa kiganjani mwa mvuvi kwa kuvuta kamba siku nenda siku rudi. Ni neno letu wenyewe, limetoka tumboni mwa kitenzi kusugua. Lakini angalia linaandamana na nani siku hizi: mhalifu sugu, mdaiwa sugu, mtoro sugu. Ni mtu aliyeonywa asionyeke, akarudia. Halafu tunamchukua mtoto wa darasa la tatu hapa Nyegezi, Mwanza, aliyezaliwa na selimundu, tunamwandikia kwenye fomu ya shule kwamba ana “ugonjwa sugu”.

Huko hospitalini nako sugu limeshapata ajira nyingine. Kifua kikuu sugu ni kile kisichosikia dawa. Usugu wa vimelea ni ukaidi wao mbele ya dawa. Mwalimu akiona maneno “ugonjwa sugu” kwenye cheti, si ajabu akidhani dawa hazimfai mtoto huyu, au kwamba atawaambukiza wenzake. Selimundu haiambukizi, mtoto huirithi kwa baba na mama. Wala si kweli kwamba haina msaada wa dawa, kwani haidroksiurea huwapunguzia wengi siku za maumivu. Napendekeza tuseme maradhi ya kudumu. Kudumu halimlaumu mtu. Linataja muda tu, na muda ndio hasa mwalimu anaotakiwa kuujua.

Selimundu lenyewe nalipenda. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alieleza chembe za damu alizoziona zimepinda mithili ya mundu. Sisi tukatwaa seli ya wageni tukaiunga na mundu wa kwetu. Kwa mtoto wa Magu au Misungwi, aliyeona mpunga ukivunwa, nusu ya maelezo imo ndani ya jina: chembe iliyopinda hivyo haiwezi kupita kwa urahisi kwenye mshipa mwembamba, nayo ikikwama ndipo maumivu yanapoanza. Sikoseli ya mitaani sina ugomvi nayo, maana wazazi wengi waliijua kwanza kwa jina hilo. Ila sikoseli hutaja tu, selimundu hufundisha.

Kasoro iko kwenye kile kijineno kidogo kinachotangulia. “Watoto wa selimundu” tunasema, kama tunavyosema watoto wa Mwalimu fulani. Kwa herufi mbili tu, ugonjwa umekuwa mzazi. Tumia mwenye. Kiswahili humwita mwenye nyumba, mwenye shamba, mwenye duka: ndiye anayemiliki, si anayemilikiwa. Sheria yetu ya mwaka 2010 iliitwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, na tangu hapo masikio ya wengi yamezoea. Mtoto mwenye selimundu, basi.

Sasa maalumu. Hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Tunalitumia kwa maana ya kitu cha pekee, kilichotengwa: mgeni maalumu, kikao maalumu, elimu maalumu. Lakini kwa Kiarabu lilikotoka, maalumu ni kinachojulikana. Shina lake ni lile lile lililotupa elimu, mwalimu na taaluma. Kwa hiyo “mwanafunzi mwenye mahitaji maalumu”, ukilisikiliza kwa sikio la asili yake, ni yule ambaye mahitaji yake yanajulikana. Na hapo ndipo mtoto wetu anapopotea. Asiyeona, mwalimu humtambua mara moja. Mwenye selimundu huingia darasani kama wengine, hucheka kama wengine, na haja zake hazionekani: maji mengi, sweta asubuhi upepo wa ziwa ukiwa baridi, kwenda msalani mara kwa mara, kuepuka mbio ndefu za mchakamchaka. Mahitaji yake si maalumu bado, kwa sababu hakuna aliyeyajua. Silibadilishi neno hili. Naomba tu lirudishiwe maana yake ya kwanza kichwani mwa kila mwalimu.

Jumuishi, kwenye “elimu jumuishi”, linatosha. Ni ndugu wa jumuiya na jamii, na limeshaenea.

Lakini utoro! Kwenye shule nyingi kuna ubao wa mahudhurio nje ya ofisi, wenye safu za chaki: waliopo, wagonjwa, wenye ruhusa, watoro. Mtoto aliyelazwa hospitali ya Bugando bila mzazi kupata nafasi ya kutuma taarifa huhesabiwa safu ya mwisho. Mtoro ni aliyetoroka. Katika karne ya 19 pwani yetu iliwaita hivyo watumwa waliokimbia mabwana zao. Aliyelala na dripu mkononi hajatoroka popote. Na safu ya “wagonjwa” haimtoshi, maana kesho atakwenda kliniki akiwa mzima kabisa. Iongezwe safu moja: wanaotibiwa.

Akirudi, tunasema “amekosa masomo”. Kukosa kwetu kuna sura mbili, kutopata na kutenda kosa, na mtoto anayejihisi nyuma ya wenzake husikia ile ya pili. Walimu wanalo neno bora midomoni mwao kila wiki: kufidia vipindi. Fidia hulipwa mtu ambaye barabara imepita kwenye shamba lake. Kapoteza bila hatia, naye anadai haki yake. Viitwe vipindi vya fidia, visiitwe masomo ya ziada. Ziada ni nyongeza juu ya kinachotosha, na huyu hajapata hata hicho kinachotosha.

Nimeiacha ruhusa mwisho kwa makusudi. Tanzania ilimwita Rais Ali Hassan Mwinyi Mzee Ruksa, na kila mtu alielewa: milango imefunguliwa. Kwenye fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, neno hili ni zito zaidi. Rukhsa ni wepesi anaopewa mgonjwa na msafiri, huyu apunguze sala, yule aswali ameketi au aache kufunga hadi apone. Si hisani ya imamu. Ni sehemu ya sheria yenyewe. Shuleni tumeigeuza kuwa kitu cha kuombwa kwa kunyoosha kidole, kila siku, mbele ya darasa zima. Mtoto mwenye selimundu anayeona aibu kuomba kwenda kunywa maji mara ya nne atanyamaza, na kiu yake itamwamshia maumivu.

Maradhi yakiwa ya kudumu, ruhusa nayo iwe ya kudumu. Iandikwe mara moja, mwanzo wa mwaka, isiombwe tena.

Walimu wa Nyegezi, Mkolani na Luchelele, nanyi mnaosomea kazi hii Butimba: chaki mnayo ninyi. Futeni “sugu”, na chini ya “watoro” ongezeni ile safu.