Kwanta
Kwanta ni kiasi kidogo kabisa cha nishati kinachotolewa au kupokewa kwa mkupuo mmoja. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya “kiasi gani”. Chuma kikitiwa motoni kwa mhunzi wa Kindu huwa chekundu, kisha rangi ya chungwa, halafu cheupe. Mwaka 1900, mjini Berlin, wanafizikia Rubens na Kurlbaum walipima mnururisho wa namna hiyo, yaani ule utokao kwenye vitu vyenye joto kali. Vipimo vyao havikulingana na kanuni zilizokuwepo. Mwanafizikia Max Planck akavieleza kwa kuigawa nishati mafungumafungu, yaani kwanta. Mwanga nao ulileta fumbo: mwaka 1902 mwanafizikia Philipp Lenard alionyesha kuwa kuongeza ukali wa mwanga unaomulika metali huzidisha idadi ya elektroni zinazotoka humo, si nishati ya kila moja. Mwaka 1905 Einstein alitoa sababu: mwanga wenyewe huja kwa kwanta.