Kinga ya Mashine na Sheria Yake

Leo tutasoma habari ya kinga, yaani bati au wavu wa chuma unaofunika magurudumu na mikanda ya mashine.

Ninyi wakulima wa pamba mnavijua vinu vya Bunda. Viko vinu vyenye gogo lililovikwa ngozi, na kisu kando yake. Gogo likizunguka, hushika nyuzi na kuzivuta chini ya kisu. Mbegu haziwezi kupita, basi hudondoka. Lakini gogo hilo halijui tofauti ya uzi na kidole. Na mkanda unaoliendesha ukinasa ncha ya shuka, humvuta na mwenye shuka.

Watu wa Uingereza waliyaona hayo zamani katika viwanda vyao vya nguo. Wanawake na watoto walivutwa na mihimili ya mashine, na mara nyingi waliambiwa kwamba ni uzembe wao. Mwaka 1844 Bunge la huko lilitoa sheria kwamba mwenye kiwanda aizungushie kinga mihimili hiyo.

Hapa Tanganyika, Sheria ya Viwanda ilitungwa mwaka 1950. Ilisema kila sehemu ya mashine yenye hatari izuiwe imara, na kinga ibaki mahali pake wakati wote mashine inapokwenda. Mimi naliona neno hilo la pili kuwa zito zaidi. Mara nyingi kinga ipo, lakini imeegemezwa ukutani, kwa sababu ilitolewa asubuhi pamba iliponasa, na hakuna aliyetaka kusimamisha kazi ili airudishe.

Wajibu wa kuweka kinga ulikuwa wa mwenye kiwanda. Mfanyakazi alikatazwa kuiondoa au kuiharibu. Mkaguzi wa serikali alikuwa na haki ya kuingia kiwandani na kutazama. Baada ya Uhuru sheria hiyo iliendelea kutumika Tanzania Bara, mpaka ilipofuatiwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Wajibu wa mwajiri umebaki, na wa mfanyakazi pia.

Sasa mwalimu aandike ubaoni: kinga, mkanda, mkaguzi. Kisha jibuni: mashine mnayosagishia mtama na muhogo, je, mkanda wake umefunikwa? Kama haukufunikwa, sheria inamdai nani?