Tezi la Shingo na Kisu cha Daktari

Shika shingo yako hapa mbele, chini kidogo ya kikoromeo. Hapo ndipo lilipo tezi la shingo. Hutengeneza homoni iingiayo katika damu na kuuamrisha mwili uende mbio au polepole. Tezi likizidisha kazi, moyo hupiga mbio, mikono hutetemeka, na mtu hukonda ingawa anakula vizuri. Wengine hutokwa macho. Daktari Robert Graves wa Dublin aliandika habari za ugonjwa huu mwaka 1835, lakini dawa hakuwa nayo.

Basi, kwa nini lisikatwe likatupwa? Tusikie kwanza yaliyotokea Uswisi. Katika milima ile watu wengi walikuwa na rovu, yaani tezi lililovimba, kwa kukosa iodini. Hao hawakuwa na ugonjwa wa moyo kwenda mbio. Shida yao ilikuwa uvimbe. Katika mji wa Bern alikuwako mpasuaji, Theodor Kocher. Wakati ule wagonjwa wengi walikufa kwa kutokwa na damu au kwa kidonda kuoza. Kocher hakuwa na haraka. Alifunga mishipa ya damu kwa uangalifu, akashika usafi, na wagonjwa wake wakapona.

Mwaka 1874 alimpasua msichana wa miaka 11, akaliondoa tezi lote. Kidonda kikafunga vizuri. Lakini msichana hakukua tena. Mdogo wake akampita kwa kimo, naye akawa mzito wa mwili na wa akili. Mwaka 1882 daktari Reverdin wa Geneva alimwambia Kocher kwamba yeye pia ameona mambo kama hayo. Kocher akawaita wagonjwa wake wa zamani. Kati ya 18 walioondolewa tezi lote na kutazamwa tena, 16 walikuwa wameharibika hali. Mwaka 1883 akayasema hayo mbele ya wapasuaji wenziwe huko Berlin. Si kila bingwa angethubutu. Tangu hapo, kama si kwa saratani, alibakiza kipande cha tezi. Mwaka 1909 alipewa tuzo ya Nobel.

Mwaka 1891 George Murray wa Uingereza alimpiga mama mmoja sindano ya maji ya tezi la kondoo. Mama huyo, ambaye tezi lake lilikuwa limekufa, aliishi miaka 28 zaidi. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kidonge kidogo cha kila siku. Ndiyo sababu jambo aliloliacha Kocher limerudi: daktari wa leo aweza kuliondoa tezi lote kwa makusudi, maana kidonge kipo.

Kwa tezi lililozidisha kazi hatari ilikuwa nyingine. Wagonjwa walipasuliwa moyo ukiwa bado unakimbia, wakafa. Katika miaka ya 1920 Henry Plummer wa Marekani aliwanywesha iodini kabla ya kisu, na vifo vikapungua sana. Mwaka 1941 ikaanza kutumika iodini yenye mnururisho, na mwaka 1943 vidonge vya kulituliza tezi.

Kwa hiyo leo njia ni tatu. Vidonge havikati kitu, lakini kwa wengi ugonjwa hurudi vikiachwa. Iodini yenye mnururisho haifai kwa mwenye mimba wala anyonyeshaye, na yaweza kuzidisha ugonjwa wa macho. Kisu humfaa zaidi mwenye rovu kubwa linalobana koo, au penye shaka ya saratani. Lakini karibu na tezi hupita neva za sauti. Zikiguswa, sauti hukwaruza. Kuna pia vitezi vinne vidogo vinavyotunza chokaa ya damu. Vikiumia, vidole hufa ganzi na misuli hukaza. Na kidonge cha kila siku ni cha maisha: usikubali kisu kama hujui utakipata wapi.

Muulize pia mpasuaji, bila kuona haya: mwaka uliopita umepasua matezi mangapi?

Juma lijalo tutasoma habari za iodini katika chumvi. Kwaherini.